Konokono Waliostaafu

Mama Konokono hakupewa jina hilo kwa uvivu. Mwanamke yule alikuwa mwepesi wa mguu, mwepesi wa mkono, na mdomo wake nao haukukubali kuachwa nyuma. Aliitwa hivyo kwa sababu ya kazi yake. Kwa miaka ishirini na sita alifuga konokono katika kituo cha utafiti wa mifugo, ndani ya chumba kirefu chenye rafu pande zote mbili, mabeseni ya plastiki juu ya rafu, na dirisha moja lililopakwa chokaa ili jua lisiingie kwa fujo. Konokono wenyewe walikuwa wadogo. Mkubwa wao hakufikia ukucha wa kidole gumba. Waliishi juu ya tope laini na kula ukoga wa kijani, pamoja na majani makavu ya saladi ambayo Mama aliwasagia kwa vidole kama mtu anayemlisha mgonjwa.

Mumewe alikuwa dereva wa lori la kituo hichohicho mpaka alipostaafu. Wageni wakifika nyumbani, hakuchoka kuwaambia: "Mke wangu ana waume elfu tatu, na kila mmoja ana nyumba yake. Mimi peke yangu ndiye mpangaji."

"Na ni wewe peke yako unayelalamika," mkewe alimjibu kila mara, na wageni walicheka hata kama walishausikia utani huo mara saba.

Kituoni hakuingia kama fundi wa konokono. Aliingia kama mfagiaji. Wakati ule konokono walikuwa chini ya mtaalamu mmoja mwenye shahada mbili na tai, na walikuwa wakifa kila wiki. Mtaalamu alibadilisha tope, akabadilisha chakula, akabadilisha taa. Wapi! Mama alikuwa akifagia huku anatazama, mpaka siku moja uvumilivu ukamwishia.

"Samahani, bwana mkubwa," alisema, ameshika ufagio. "Haya maji ya bomba yana dawa. Samaki wa binti yangu kwenye chupa walikufa hivihivi. Nikaanza kuyalaza maji kwenye ndoo wazi siku mbili kabla ya kuwabadilishia. Wakaacha kufa."

Mtaalamu alicheka. Baada ya wiki mbili, konokono walipobaki tisa, hakucheka tena. Alimkabidhi mfagiaji wale tisa, labda ili lawama ipate mtu wa kuangukia. Mwaka haukuisha kabla wale tisa hawajawa mia nane, na ufunguo wa chumba ukahamia kwenye mfuko wa koti la Mama. Haukutoka tena.

Sasa mtu anaweza kuuliza: kituo cha kondoo kinataka konokono wa nini? Jibu lake ni mnyoo. Kuna mnyoo mmoja bapa, umbo lake kama jani dogo, anayeishi ndani ya ini la kondoo. Mayai yake hutoka na kinyesi. Yakianguka penye maji huanguliwa, na kitoto chake huogelea kutafuta konokono wa aina hii. Akimkosa, kwisha habari yake. Akimpata, huingia ndani na kuzaana humo wiki nyingi, kisha hutoka viluwiluwi mamia kwa mamia, wanaojibandika kwenye majani, wanakata mikia na kugeuka mbegu ndogo kuliko punje ya ulezi. Kondoo akila jani, amekula na mbegu. Mbegu hupasuka tumboni, mnyoo mchanga hutoboa utumbo, na safari ya kwenda kwenye ini inaanza.

Bila konokono, basi, hakuna mbegu, na bila mbegu watafiti hawana cha kutafiti. Mama aliwaambukiza konokono mmoja mmoja chini ya hadubini. Baada ya wiki saba aliwaweka kwenye maji baridi chini ya taa ili wawatoe viluwiluwi, akazivuna mbegu juu ya vipande vya plastiki na kuzihesabu kwa ncha ya manyoya ya kuku. Macho yake yalianza kuhitaji miwani, lakini hesabu yake haikuwahi kurudishwa.

Miaka miwili kabla ya hadithi hii, alikuja Daktari. Alikuwa daktari wa mifugo, binti wa miaka thelathini na kitu, anayesema haraka kama anayekimbiza basi, anayesahau kula, na anayetafuta kalamu kila saa ilhali kalamu iko nyuma ya sikio lake. Wiki ya kwanza Mama alimpa chai. Wiki ya pili alimpa chai na nusu ya chakula chake. Wiki ya tatu alianza kubeba chakula cha watu wawili, na mumewe akauliza kama konokono nao sasa wanakula viazi.

Daktari alikuja na swali lake. Kondoo wenye minyoo ya ini, alisema, wanapochanjwa dhidi ya magonjwa mengine, chanjo mara nyingine haiwashiki vizuri. Yeye alitaka kujua kwa nini.

"Mimi nimewafuga hawa miaka yote," Mama alimwambia siku moja wakinywa chai kati ya mabeseni, "lakini sijawahi kuuliza. Huyu mnyoo akifika kwenye ini, mwili wa kondoo haumwoni?"

"Unamwona, mama. Tena unamwona vizuri sana." Daktari aliweka kikombe chini ili apate mikono ya kuelezea. "Fikiria nyumba yenye walinzi. Anaingia mwizi, anatoboa kuta akipita, na huku anatema mate yanayowatuliza walinzi. Walinzi wakiona kuta zimetoboka, badala ya kumkamata, wanaweka rungu chini, wanachukua mwiko na saruji, wanaanza kuziba matundu. Ini linajaa makovu, na mwizi anaendelea kula."

"Walinzi wamegeuka mafundi ujenzi!"

"Hasa. Sasa akija mwizi wa pili, wa ugonjwa mwingine kabisa, ambaye tumewachanja kondoo wamjue, hao mafundi watakumbuka kushika rungu? Hapo ndipo ninapotaka kufika."

"Na ng'ombe je?"

"Ng'ombe akishaumwa hujifunza kidogo. Mnyoo wa pili humpata kwa shida. Kondoo hajifunzi, mama. Ataingiliwa na mwizi yuleyule mara kumi, na mara zote kumi mlango uko wazi."

"Basi kondoo ana roho nzuri."

"Ndiyo inayomuua," Daktari alisema, akaanza kutafuta kalamu.

Jaribio likapangwa. Kondoo arobaini: ishirini wapewe mbegu za Mama, mia moja na hamsini kila mmoja, ishirini wabaki safi. Wote wachanjwe, kisha damu yao ipimwe kuona kinga imepanda kiasi gani. Kondoo safi walifungiwa banda la peke yao lenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa, wasikanyage tope wala wasichungwe nje. Majani yao yaliletwa na mtu waliyemwita Fyekeo, kwa sababu ya chombo ambacho hakikumtoka mkononi. Alikuwa mtu mzima, mrefu, mwenye mikono kama koleo, na alifanya kazi kituoni miaka kumi na minane. Yeye ndiye pia aliyewashika kondoo siku waliponyweshwa mbegu.

Majuma machache kabla ya jaribio kuanza, Mama alipata barua. Ilikuwa fupi. Ilimshukuru kwa utumishi wake, ikamjulisha kwamba angestaafu mwisho wa mwaka, na ikamkumbusha kukabidhi ufunguo, koti na vifaa vyote vya kituo.

Aliisoma amesimama, huku birika likichemka. Mbele yake, kwenye beseni la mwisho, walikuwapo konokono thelathini na wanne waliomaliza kazi. Utaratibu aliujua, maana aliuandika mwenyewe kwa herufi kubwa na kuubandika mlangoni: KONOKONO HATOKI HAPA AKIWA HAI. Aliyeambukizwa akishatoa viluwiluwi wake, anamwagiwa maji yaliyochemka na kutupwa kwenye pipa la kuchomea. Wengi hawakufika hapo, kwa sababu mnyoo humla konokono kwa ndani kama mpangaji anayechoma milango ya nyumba ili apikie. Hawa thelathini na wanne walifika. Walikuwa wamechakaa, maganda yao yamepauka, lakini walikuwa hai na walikuwa wakitembea polepole ukingoni mwa beseni.

Mama aliwatazama. Akaitazama barua. Kisha alizima birika, na kwa kuwa lilikuwa hilo moja tu, maji yale akatengenezea chai.

Nyuma ya chumba chake kulikuwa na mtaro uliokaa na maji mwaka mzima kwa sababu ya bomba lililovuja, ambalo fundi aliahidi kulitengeneza tangu enzi na enzi. Aliwabeba hadi pale ndani ya kopo.

"Haya," aliwaambia, akachutama na kuwamimina kwenye nyasi. "Mmefanya kazi. Nendeni mkapumzike."

Alirudia hivyo mara tatu zaidi miezi iliyofuata. Kila mara alijiambia kwamba hawa wameshamaliza, hawana kitu tena. Na kila mara sauti nyingine ndani yake ilimkumbusha kwamba konokono mzee anaweza kuonekana mtupu leo na kesho akatoa wengine. Sauti hiyo aliifungia mlango.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali. Jaribio liliendelea, kondoo wakachanjwa, wakachanjwa tena, damu ikatolewa shingoni na kupelekwa maabara. Asubuhi matokeo yalipotoka, Daktari aliingia chumba cha konokono bila kubisha, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na machozi yakaanza kumtoka kabla hajasema neno.

"Mwanangu! Kuna msiba?"

"Ishirini wenye minyoo wako chini kama nilivyotarajia," Daktari alisema, akijifuta kwa mkono wa koti. "Lakini kondoo safi, mama! Tisa wamepanda vizuri. Kumi na mmoja wako chini vilevile kama wagonjwa. Kumi na mmoja! Hakuna mtu atakayeniamini. Mimi mwenyewe sijiamini."

"Huenda chanjo iliharibika?"

"Chupa ileile iliyowachanja wale tisa. Kinyesi chao nimekipima, hakuna yai hata moja. Mkuu wa kituo anasema kuna jibu moja tu: siku ya kuwanywesha mbegu, kondoo safi walichanganywa na wenzao, nao wakanyweshwa. Na aliyewashika ni Fyekeo."

Mama alimmiminia chai. Wakati ule kweli hakujua kitu.

Fyekeo mwenyewe alikuja saa nne, akasimama mlangoni maana viatu vyake vilikuwa na matope. Mkononi alikuwa na karatasi.

"Naambiwa nijieleze kwa maandishi kabla ya Ijumaa," alisema. "Eti nimechanganya kondoo. Mimi! Kondoo wale nawajua sura kuliko ninavyowajua mashemeji zangu. Na wakinisimamisha kazi, nitaenda wapi na umri huu, mama?"

"Tulia kwanza. Unawalisha nini?"

"Majani, si majani? Tangu kiangazi kikaze, shamba la juu ni vumbi tupu. Nilimwomba ruhusa Daktari nikate hapa nyuma kwako, mtaroni. Akaniambia kata tu, mtaro huo aliukagua yeye mwenyewe mwanzo wa mwaka, hauna konokono hata wa dawa. Na majani ya hapo yamenona! Ukiyakata yanalia. Wale kondoo wakubwa wakubwa ndio wanaoyagombania, wadogo wanaambulia mabua."

Kikombe cha Mama kilisimama kati ya meza na mdomo.

Alisubiri Fyekeo aondoke. Kisha alitoka, akazunguka nyuma, akachutama pale alipozoea kuchutama. Hakuhitaji kutafuta. Walikuwa kwenye tope la ukingoni, wazee wenye maganda yaliyopauka na wadogo waliozaliwa palepale, weusi, wanang'aa. Kwenye urefu wa mkono wake mmoja alihesabu kumi na saba. Alikata majani matano, akayaingiza ndani na kuyaweka chini ya hadubini. Jani la tatu lilikuwa na mbegu mbili, zimebandikwa ubavuni pamoja kama vifungo vya shati. Alizijua jinsi mtu anavyoujua mwandiko wake mwenyewe.

Kwa hiyo kondoo safi hawakuwa safi. Na mayai hayakuonekana kwenye kinyesi kwa sababu minyoo yao ilikuwa bado michanga; mnyoo huchukua miezi karibu mitatu kabla hajaanza kutaga.

Aliporudi nyumbani jioni hiyo, mumewe alikuwa mezani akimenya viazi, kazi aliyojipa baada ya kustaafu na ambayo aliifanya vibaya kwa moyo wote. Mama aliketi upande wa pili, hata koti hakuvua, akamweleza yote.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Na mvua zikianza, mtaro utafurika uwasombe."

"Ndiyo."

Alimenya kiazi kimoja chote, maganda manene kama ngozi ya kiatu. Halafu akaweka kisu chini.

"Unakumbuka lango la ghala lililovunjika, mwaka ule dada yako alipokuja kukaa nasi? Wakasema mlinzi alilala, wezi wakajaribu kuingia?"

"Nakumbuka. Walimfukuza yule mlinzi."

"Nililigonga mimi. Nilikuwa narudisha lori nyuma. Hakuna aliyeniona, na nilipokuja kusikia wanasema ni wezi, nikanyamaza siku ya kwanza. Siku ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Siku ya tatu yule bwana alikuwa ameshafunga virago, yeye na watoto wake. Mpaka leo nikipita langoni namwona amesimama pale na tochi yake."

Mama alimtazama. Miaka thelathini na mitano kitanda kimoja, na hili hakulijua.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniambia nikaseme," alijibu mzee. "Na ningekwenda, maana wewe ukisema mtu anakwenda."

Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini wahenga hawakueleza jinsi mtu anavyoufunua mbele ya binti anayempenda. Asubuhi Mama alipiga moyo konde. Alichukua beseni dogo, akaweka ndani yake konokono watatu wa mtaroni na yale majani matano, akapita uani watu wakimtazama, akaingia ofisini kwa Daktari na kuliweka beseni juu ya karatasi zake.

"Fyekeo hakuchanganya kondoo," alisema. "Hawa wametoka mtaroni. Niliwaweka mimi."

Daktari hakuelewa. Mama akaeleza: barua, birika, kopo, mara nne. Kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa Daktari ulivyozidi kuwa mgumu.

"Ulijua wanaweza kuwa bado wana minyoo?"

Hapo palikuwa na njia mbili, na Mama aliziona zote mbili. "Nilijiambia wamemaliza," alijibu. "Lakini kujua, nilijua. Nilijifanya sijui."

"Miezi yote hii, mama." Sauti ya Daktari ilikuwa ndogo. "Miezi yote hii ya kazi yangu. Kwa sababu uliwaonea huruma konokono."

"Ndiyo, mwanangu."

"Tafadhali nenda."

Akaenda. Kutoka pale hakurudi chumbani kwake. Alielekea moja kwa moja bandani, akamkuta Fyekeo ameketi juu ya gunia, karatasi ya kujieleza magotini, kalamu ikionekana kama kijiti katika mkono ule mkubwa. Alimwambia naye, na akamwomba radhi. Fyekeo aliitazama karatasi yake.

"Nilikuwa nimeshaandika mistari mitatu," alisema. "Unajua mistari mitatu imenitoa jasho kiasi gani?" Akaikunja karatasi taratibu. "Umenitesa, mama. Jana sikula. Mke wangu alidhani nina mwanamke mwingine."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini mke wangu utamweleza wewe."

Siku tatu Daktari hakufika chumba cha konokono. Chakula cha mtu wa pili kilirudi nyumbani kama kilivyotoka, na mzee alikula bila utani. Mkuu wa kituo alimwita Mama, akampa barua ya onyo iwekwe kwenye faili lake, onyo la kwanza katika miaka ishirini na sita, na akamwambia wazi kwamba kama si kukiri mwenyewe, angemaliza utumishi wake siku ileile. Mama alitia saini. Kisha yeye na Fyekeo waliufunga mtaro. Fundi wa bomba, aliposikia mkuu wa kituo anamtafuta, aliziba uvujaji kwa nusu saa. Maji yalikauka, Fyekeo akakwangua tope na nyasi, akaanika vyote juani. Konokono Mama aliwaokota mwenyewe, mmoja mmoja, siku mbili mfululizo, magoti yakimuuma. Alichemsha maji. Hakuwaambia kitu, na hakutengeneza chai.

Siku ya nne Daktari alichungulia mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu lakini kalamu ilikuwa nyuma ya sikio.

"Njoo uone," alisema.

Kondoo wa jaribio walipangiwa kuchinjwa tangu mwanzo, ili maini yao yachunguzwe. Kwenye meza ya chuma yalikuwa yamepangwa maini ya wale ishirini walioitwa safi, yamekatwa vipande vyembamba na kukamuliwa kwenye trei za maji. Mama alivaa miwani. Kwenye trei tisa hapakuwa na kitu. Kwenye kumi na moja walikuwapo minyoo wachanga, weupe, wembamba kama punje za mchele: trei hii tisa, ile sita, nyingine kumi na wawili.

"Huyu hapa," Daktari alisema, akigusa trei ya mwisho, "ana watatu. Nimekata ini lote mara mbili. Watatu tu, mama. Na kinga yake ilikuwa chini karibu sawa na yule aliyepewa mbegu mia na hamsini."

"Watatu wamewageuza walinzi wote?"

"Sijui. Huo si ushahidi. Sikupanga hivyo, sijui walikula mbegu ngapi wala lini, na kitu usichokipanga huwezi kukiita jibu." Alivuta pumzi. "Lakini ni swali. Tena ni zuri kuliko lile nililokuja nalo. Nitaanza upya, na safari hii nataka makundi manne: wasio na kitu, wenye mbegu tano, wenye hamsini, wenye mia na hamsini. Nani atanihesabia mbegu tano bila kukosea?"

Mama alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na uchafu.

"Bado nimekasirika," Daktari aliongeza.

"Kasirika tu, mwanangu. Umekula?"

"Sijala tangu jana."

Miezi iliyobakia ilikuwa ya kazi tupu. Mama alizalisha konokono wapya, akaambukiza, akavuna, akahesabu mbegu tano tano na kuzirudia mara tatu kwa kila kondoo. Palipozuka suala la nani atakayepokea ufunguo, mkuu wa kituo alitaka kutangaza nafasi kwa watu wenye vyeti. Mama alimtaja Fyekeo. Watu walicheka: mikono ile, na manyoya ya kuku? Lakini yeye alijua alichokiona. Mtu anayetofautisha kondoo arobaini kwa sura ni mtu anayetazama, na kutazama ndiyo kazi yenyewe. Wiki ya kwanza Fyekeo alivunja vioo sita vya hadubini na kuponda konokono wanne, akimpa pole kila mmoja. Mwezi wa pili hesabu yake na ya Mama zilianza kulingana. Siku ya mwisho Mama alikabidhi koti, ufunguo na birika, akaenda nyumbani kwa miguu, mzee akitembea pembeni yake na kuzungumzia bei ya betri za lori ambalo hakuwa nalo.

Ilikuwa Jumamosi moja mchana, miezi saba baadaye, Daktari alipobisha hodi kwao. Alikuwa ametoka maabara moja kwa moja, mkoba begani, nywele hazijachanwa. Alikaribishwa, akaketi kwenye kiti cha kuegemea cha mzee, akafungua kompyuta na kuiweka juu ya meza ndogo ili wote wawili waone.

"Matokeo haya," alisema. "Sijamwonyesha mkuu wa kituo bado. Nimesema nianzie hapa." Alionyesha kwa kidole mistari minne ya rangi iliyoanza mahali pamoja upande wa kushoto. "Hawa wa kijani ni wasio na minyoo. Safi kweli safari hii. Mnaona walivyopanda baada ya chanjo? Halafu hawa…"

"Ngoja kwanza nikuletee maji," Mama alisema, akaenda jikoni.

Aliporudi na glasi, Daktari alikuwa ameegemeza kichwa, mdomo wazi kidogo, amelala fofofo. Mzee aliinua mikono kuonyesha kwamba yeye hakufanya kitu. Mama aliweka glasi chini, akaleta shuka, akamfunika mpaka kidevuni. Kisha akavuta kiti kando ya mumewe, na wawili hao wakainama mbele ya kompyuta kama watu wanaochungulia dirishani kwa jirani.

"Huu wa kijani nimeuelewa," mzee alinong'ona. "Na huu mwekundu, wa chini kabisa?"

"Mia na hamsini."

"Na huu wa bluu?"

Mama alisogea karibu, akavaa miwani, akaufuata mstari kwa kidole pasipo kugusa kioo. Haukuwa chini pamoja na mwekundu. Lakini juu na kijani haukuwapo. Ulipanda hatua chache, ukalala.

"Tano," alisema.

"Mbegu tano tu?"

"Tano. Nilizihesabu mimi."

Mzee alitikisa kichwa, akataka kuuliza jingine, lakini mkewe alimwekea kidole mdomoni, kwa sababu Daktari alikuwa amegeuka kwenye kiti, na kwa kweli alihitaji kulala.